Ukitaka Kumjua Mzugaji wa Pool, Itazame Nyeupe

Alhamisi iliyopita vijana wawili nusura wapigane fimbo kwenye meza yangu ya pool hapa Kibirizi, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakimgombania mzee wa Kifilipino ambaye hawajamwona ila kwenye simu. Mmoja, fundi wa injini za mitumbwi, anasema Efren Reyes ni tapeli: alikwenda Marekani kwa jina la bandia akawachuna watu. Mwenzake, muuza chipsi, anasema yule ndiye mchezaji bora kuliko wote waliowahi kupaka chaki, na bingwa hazugi. Wakanigeukia. "Shangazi, wewe ndiye mwenye meza. Amua."

Usiku ule sikuamua. Nilikuwa na supu ya migebuka jikoni, na sarafu sita zimepangwa ukingoni mwa meza zikisubiri zamu. Lakini swali lilinikaa, kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kiti hikihiki cha plastiki nikamtazama mtu akiwaingiza mjini wateja wangu siku tatu mfululizo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji ya kunywa. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya yule anayecheza pool kujifurahisha, mfukoni ana elfu kumi au ana laki, na hataki kufika nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo bahati haikuwa yake. Bahati haihusiki sana.

Anza na neno lenyewe. Kucheza kwa hela siyo kuzuga. Watu wawili wanaojuana, kila mmoja anajua uwezo wa mwenzake, wakiwekeana elfu tano, wote macho yako wazi. Unaweza kuwaambia hiyo ni kamari, na kamari isiyo na leseni sheria haiitaki, lakini hakuna aliyedanganywa hapo. Mzugaji ni mtu mwingine. Mzugaji anakuficha kiwango chake. Anakuonyesha mkono wa mtu anayejifunza, unakubali dau kwa kuupima mkono ule, na hela ikishanenepa ndipo anautoa mkono wake wa kweli. Basi ukitaka kumpima mtu, awe wa Manila au wa Mwandiga, usiulize kama alicheza kwa hela. Uliza alificha nini, na kama wa upande wa pili angekijua, je, angekubali dau lile?

Tumpitishe Efren kwenye kipimo hicho, maana kisa chake kina mafunzo kuliko vitisho vyote vya wake wa wavuvi.

Alizaliwa mwaka 1954 huko Pampanga, Ufilipino, akapelekwa Manila angali mtoto mdogo kwa ndugu wa familia aliyekuwa na ukumbi wa meza. Alisimama juu ya makreti ya Coca-Cola ili aifikie meza, na usiku meza hizohizo ndizo zilizokuwa kitanda chake. Wakamwita Bata. Vijana wangu wakilisikia jina hilo wanacheka mpaka wanashika mbavu, lakini kwa lugha ya kwao bata ni mtoto. Palikuwa na mchezaji mwingine, mkubwa kwake, naye Efren, ikabidi huyu mdogo atofautishwe. Kula bata kwa maana yetu alikuja kula pia, ila baadaye sana.

Mtoto aliyelala juu ya meza ya pool anacheza kwa hela kabla hajaota ndevu. Halina ubishi hilo. Mashindano ya kumlisha mchezaji hayakuwapo kwao. Chakula kilikuwa kwenye mechi za mtu na mtu, na nyuma ya mchezaji amekaa mwenye fedha anayeweka mzigo. Kwa sisi wa mwambao wa ziwa si jambo la kushangaza. Mtumbwi ni wa tajiri, jasho ni la mvuvi, na mapato yanagawanywa asubuhi.

Kisa cha jina ni cha mwaka 1985. Efren alifika Houston, Texas, akaingia mashindano kwenye ukumbi unaoitwa Red's. Jina lake lilikuwa limemtangulia Marekani, limebebwa na wachezaji waliowahi kufika Asia wakarudi wakisimulia. Akajiandikisha kama Cesar Morales. Mfilipino mwembamba, mpole, mapengo mdomoni, hakuna anayemjua. Akalichukua shindano.

Sasa pima. Ndani ya shindano lenyewe jina la bandia halikumwibia mtu kitu kikubwa: kiingilio ni kimoja kwa wote, zawadi imetangazwa, na alipiga kwa kushinda tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini msinifanye mtoto. Jina la bandia kwenye pool lina kazi moja: watu wakubali kucheza na wewe kwa dau pembeni, na wakubali bila kuomba wapewe mipira, yaani waanze na mipira pungufu ya kuingiza. Kwa hiyo fundi injini ana nusu ya ukweli. Jina, Efren alilizuga. Mkono, katika kisa hiki, hakuuzuga. Aliuweka mezani mchana kweupe na kila mwenye macho aliuona.

Baada ya hapo hata angetaka asingeweza tena. Mwaka 1994 alikuwa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda US Open ya pool ya mipira tisa. Mwaka 1996 huko Hong Kong alicheza na Mmarekani Earl Strickland mechi ndefu ya kumtafuta wa kwanza kufikisha michezo 120. Alishinda 120 kwa 117 na kuondoka na dola 100,000. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Cardiff. Mwaka 2006 akashinda shindano la Reno lenye zawadi ya kwanza ya dola 500,000. Mtu wa namna hiyo anaingia ukumbini na mlinzi wa mlangoni anamjua. Atamzuga nani?

Ndipo nilipo na ugomvi na muuza chipsi. Anaposema bingwa hazugi anadhani ni kwa sababu ya wema. Mimi naona ni suala la mahali pa kujificha, na la anayekulisha. Chukua Willie Mosconi, Mmarekani wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1913. Baba yake alikuwa na ukumbi wa meza na hakutaka mwanawe acheze, akawa anaificha mipira. Mtoto akachukua viazi mviringo na mpini wa ufagio akaendelea. Alikuja kuwa bingwa wa dunia mara 15 kati ya mwaka 1941 na 1957, na mwaka 1954 huko Springfield, Ohio, aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Mosconi aliwachukia wazugaji hadharani, aliona wanauchafua mchezo. Namheshimu. Lakini pia alikuwa analipwa na kampuni ya Brunswick, watengeneza meza, azunguke mijini akionyesha ufundi. Ukilipwa kwa kuonyesha mkono, utauficha wa nini?

Na kinyume chake ni Rudolf Wanderone, mtu mnene mwenye mdomo. Mwaka 1961 ilitoka filamu ya Kimarekani yenye mchezaji aitwaye Minnesota Fats. Wanderone akadai ni yeye aliyeigizwa, akalichukua jina na kulibeba mpaka kaburini. Alijitangaza kuwa mwindaji wa hela mezani, na hakuwahi kushinda shindano lolote kubwa. Tarehe 14 Februari 1978 waliwekwa meza moja na Mosconi kwenye hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, mbele ya televisheni. Mosconi akamfunga. Fats yeye aliendelea kuongea. Mzugaji anayejitangaza kwa mdomo ni mwanamichezo wa aina nyingine kabisa, anauza hadithi. Wa kwetu huku wakipiga kelele ujue huyo si hatari. Hatari ni anayekuita "kaka" kwa sauti ya chini na kuomba umwonyeshe namna ya kushika fimbo.

Haya, tuje kwetu.

Jambo la kwanza la kujua ni lini wanakuja, na hilo utaliona ukitazama juu. Dagaa wanavuliwa gizani. Taa zinawashwa katikati ya ziwa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukishakuwa mpevu, ziwa zima linang'aa na taa ya mvuvi haina maana tena, mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanalala usiku kama binadamu wengine. Hizo ndizo siku za hesabu. Vijana wana hela ya giza zima mfukoni, hawana kazi, na usingizi wao bado umegeuka, saa nane za usiku wako macho kama bundi. Mezani kwangu siku za mbalamwezi zinanilisha kwa mwezi mzima. Mzugaji naye si mjinga. Anashuka kwenye treni hapa mwisho wa reli siku mbili kabla mwezi haujakamilika, na anakuambia amekuja kutafuta dagaa wa kupeleka Tabora. Muulize gunia ni bei gani wiki hii. Mnunuzi wa kweli atakulalamikia bei hiyo mpaka uchoke. Mzugaji atasema, "Bado nazunguka, dada yangu."

Huyo wangu alisema hivyohivyo. Mtu wa makamo, shati la mikono mirefu, kandambili. Usiku wa kwanza aliweka sarafu yake ya mia tano kwenye foleni kama kila mtu. Zamu yake ilipofika alifanya kitu ambacho leo nikikiona kwa mgeni yeyote nakaa wima: aliiokota nyeupe, ule mpira unaogongwa na fimbo, akaipima kiganjani. Kwenye meza hizi za sarafu nyeupe haifanani kabisa na mingine, kwa ukubwa au kwa uzito, au ina sumaku ndani, ili ikiingia shimoni mashine ijue ni ipi ya kurudisha. Anayejua mchezo anajua pia kwamba nyeupe tofauti hutembea tofauti. Mlevi wa hapa kijiweni hajawahi kuipima.

Kisha akapoteza mchezo ule. Alipoteza na wa pili. Kila mtu akamwonea huruma. Mimi leo nasema hakupoteza, alikuwa anaisoma meza. Meza yangu ina mlalo mdogo upande wa ziwa. Mpira ukipigwa polepole unajikunja kidogo mwishoni, na wenyeji wameuzoea mpaka hawaujui. Yeye alipiga mipira ya taratibu, moja kila upande, ikakosa yote, na kila ilipokosa alikuwa anatazama ilikosea wapi.

Kwa hiyo jifunze kutazama. Watu wanatazama mpira uliolengwa, umeingia au haujaingia. Acha huo. Itazame nyeupe inakwenda kulala wapi. Kukosa shimo ni rahisi kuigiza, unapeleka ncha ya fimbo pembeni kidogo tu. Kuigiza nyeupe isiyo na adabu ni kazi ngumu sana kwa mtu aliyeifundisha miaka ishirini. Mchezaji mbovu akikosa, nyeupe inabaki katikati ya meza, unampiga unavyotaka. Mzugaji akikosa, ajabu, wewe ndiye unayebaki huna pa kupiga. Imejibanza ukutani, au iko nyuma ya mpira wake. Ikitokea mara moja ni bahati. Ikitokea mara nne kwa usiku mmoja, lipa soda yako ukalale.

Tazama pia mpira uliokosa umekosea wapi. Mpira wa mtu asiyejua unagonga ukuta na kuzurura. Wa mzugaji unasimama mdomoni mwa shimo. Watu wanapiga kelele "aaah, kidogo tu!" kumbe ule mpira ni mlango umefungwa: lile shimo wewe hulitumii tena bila kumwingizia wa kwake, na yeye akiutaka wakati wowote anaugusa tu. Huyu mgeni alikuwa na mipira mitatu kwenye midomo ya mashimo matatu, na wavuvi wakimcheka kwamba amekosa mara tatu.

Miguu nayo inasema. Mkono unaweza kudanganya, lakini mguu umezoea. Mtu anayejifanya hajui atashika fimbo vibaya, atacheka, atajikwaa, halafu akiinama kupiga miguu inajipanga yenyewe, kila mara umbali uleule, na kichwa kinatulia kimya mpaka mpira umalize safari. Na chaki. Anayeanza hupaka chaki akikumbuka, au anaisugua kama anachimba kisima. Mkongwe anapaka bila kuitazama, kidogo kila pigo, hata anapokuwa ameshikilia bia ya uongo mkono wa pili. Nasema bia ya uongo kwa sababu mimi ndiye muuzaji, najua kila chupa. Mtu aliyeyumba saa tano usiku na chupa yake ya kwanza haijafika nusu, pombe ile kanywea wapi?

Usiku wa pili ndipo kitanzi kilipotegwa, na hakikutegwa kwa fimbo. Kilitegwa kwa mdomo. Mgeni alikuwa ameliwa elfu kumi na tano hivi kwa jumla, elfu mbili mbili, elfu tatu. Akasema, kwa unyonge, "Jamani mmenizidi, nipeni mipira miwili niweke elfu kumi." Maana yake mipira yake miwili itolewe kabla ya kuanza, awe na kazi pungufu. Wakampa. Akashinda kwa mpira mmoja. Akaomba tena, elfu ishirini, akashinda kwa mpira mmoja tena, tena ule mweusi wa kumalizia ukiingia kwa kuchechemea. Hapo kila aliyeliwa anajiambia nilikuwa karibu. Kushinda kwa mpira mmoja ni ufundi kuliko kushinda kwa mitano, nikuambie ukweli, na mtu anayeshinda kwa mpira mmoja mara sita mfululizo hana bahati, ana rula.

Mazungumzo ya kupeana mipira ndiyo mchezo wenyewe. Anayejua kujadili hahitaji kupiga vizuri. Dawa yake ni fupi: mtu akikuomba mipira miwili, mwambie sawa, tucheze mechi mbili, moja nikupe wewe, moja unipe mimi, dau lilelile. Anayetaka mchezo wa haki atafikiri kidogo akubali au acheke. Mzugaji atatafuta sababu, mgongo unauma, usiku umeenda. Nimejaribu hii mara kadhaa kwa kuwanong'oneza vijana na sijaona mzugaji aliyeipokea.

Mwangalie na mwenzake. Huwa yupo, na hawakai pamoja. Kwa mgeni wangu alikuwa kijana mmoja aliyefika saa moja baada yake, akawa upande wa wavuvi kabisa, anawashangilia, anawanunulia sigara, anamwita mgeni "mzee wa bahati." Ndiye aliyesema, "Huyu amechoka, mkabeni sasa hivi kwa laki." Ukisikia mtu asiyecheza ana haraka ya dau lako kupanda, geuza shingo umtazame viatu. Wawili hao walikuwa na vumbi jekundu la namna moja kwenye kandambili, na udongo wa hapa ufukweni si mwekundu vile.

Sasa niseme la kwangu, maana ningeandika yote haya bila hili ningekuwa na mimi nazuga. Vumbi lile niliona usiku wa pili. Nyeupe niliiona usiku wa pili. Sikusema. Meza ilikuwa inakula sarafu kuliko siku yoyote tangu kaka yangu aniachie, watu wamejaa hadi kwenye banda la jirani, supu imekwisha saa tatu. Nilijiambia si kazi yangu. Usiku wa tatu kijana mmoja wa mtumbwi alipoteza mgawo wake wote wa giza lile, laki mbili na themanini, akakaa chini kwenye mchanga akiwa kimya. Mama yake ananiuzia mawese. Kesho yake asubuhi alikuja na dumu kama kawaida, akanisalimu kwa Kiha, "mwakeye," sikuweza kumtazama usoni. Mgeni alikuwa ameshaondoka na treni.

Tangu hapo nina masharti na siyafichi. Hela haishikwi na meza wala mwenye meza. Wakitaka kuwekeana huko nje ni shauri lao na la serikali. Mtoto wa shule hagusi fimbo. Asubuhi ni saa za kazi, sifungui. Na kubwa kuliko yote, foleni ya sarafu haivunjwi. Aliyeshinda anabaki, aliyefungwa anaondoka na sarafu inayofuata inaingia, hata awe nani. Mnaweza kuliona ni jambo dogo. Lakini mzugaji anahitaji wewe na yeye tu, mechi baada ya mechi, ili akupandishe taratibu kama maji ya moto. Ukikatwa na foleni kila baada ya mchezo mmoja, unakaa benchi, unapoa, unahesabu. Ukiona mtu ananunua zamu za wengine ili abaki na wewe peke yako, ameshakuonyesha kadi yake.

Na wewe mvuvi, au mwalimu uliyepokea mshahara, fanya hivi kabla hujashika fimbo: tuma hela ya nyumbani kwa simu kwanza. Mbele yangu, hapahapa, nitakusubiri. Baki na ile ambayo ikipotea utacheka. Dau likifika mahali unapoacha kucheka umeshalipita. Na kama umeshaliwa, usidai mechi ya kurudisha usiku uleule. Huyo ndiye samaki anayemngoja, aliyeliwa na mwenye hasira. Mwambie umekubali, mpe mkono, na kama roho inakuuma sana mwombe akufundishe pigo moja kwa hela uliyokwisha kumpa. Kuna mmoja alikubali, mzee mmoja mstaarabu wa zamani za kaka yangu, akamfundisha kijana wa Katonga kuisimamisha nyeupe papo hapo. Kijana yule leo ndiye anayeshinda mbuzi kila tukiandaa bonanza.

Jumamosi wale wabishi wawili walirudi. Nikawaambia hukumu yangu: Efren alificha jina, hakuficha mkono, na kama angekuja Kibirizi leo ningempa sarafu za bure usiku kucha na kumkataza mtu yeyote kuweka hata mia. Fundi injini akasema hiyo si hukumu, nimewapa kila mmoja nusu. Muuza chipsi akasema bingwa ni bingwa. Wakaamua wamalizane mezani, atakayefungwa alipe supu ya watu wote waliopo, na tulikuwa tisa.

Muuza chipsi alifungwa. Mipira mitano ya kwake imebaki mezani, na usiku mzima nyeupe yake ilikuwa inatangatanga kama mtumbwi uliokatika kamba. Nikamwekea ya kwake bakuli kubwa, nikamtoza nusu bei. Huyo hazugi.